Mizimu ya Gettysburg: kuna kitu pale, au ni chai ya watembeza watalii?

#1 Msafiri wa Lancaster

Wakuu, salaam. Ninaishi Pennsylvania, na wageni wakija kutoka nyumbani huwa nawapeleka Gettysburg kwa sababu kuingia kwenye uwanja wa vita ni bure, makumbusho tu ndiyo unalipia. Safari hii shemeji akang'ang'ania twende ile ziara ya usiku mjini, mnatembezwa na mama aliyevaa gauni la zamani na taa mkononi. Tangu tumerudi, watoto hawalali bila kuwashiwa taa.

Kwa wasiojua: Julai 1 hadi 3, 1863, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, jeshi la Kusini (majimbo yaliyojitenga) chini ya Robert E. Lee lilipambana hapo na jeshi la Muungano (la serikali ya Marekani) chini ya George Meade. Mji wenyewe ulikuwa na watu 2,400 hivi. Ndani ya siku tatu wakafa watu 51,000.

Yule mama alituambia kwamba pale Devil's Den, kwenye yale majabali makubwa, kamera huzima bila sababu. Tena kuna mtu anawatokea wageni, pekupeku, kofia imelegea, nywele ndefu, anakuonyesha kidole upande wa kijito na kukuambia unachotafuta kiko kule. Ukigeuka tena hayupo. Halafu kuna daraja la Sachs, la mbao na lina paa, ambapo askari watatu wa Kusini walinyongwa kwa utoro, na usiku wanaonekana wakining'inia.

Mimi naona damu nyingi kiasi kile haiwezi kukauka ikaisha hivihivi. Nyie mnasemaje?

#2 Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. Wajuzi waje.

#3 Mwanafunzi wa Vita

Mleta mada, rekebisha hapo mwanzo. 51,000 si waliokufa. Ni hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, pande zote mbili kwa pamoja. Waliofia palepale uwanjani ni kati ya elfu saba na elfu nane, na wengine wengi wakafuatia kwa majeraha. Majeruhi walioachwa mjini walipita 20,000. Kanisa, ghala, sebule, chuo, vyote viligeuzwa hospitali. Kwa hiyo mtembeza watalii akikuambia "nyumba hii ilikuwa hospitali", usishtuke. Karibu zote zilikuwa.

Sasa Devil's Den. Mama hakuwaambia sehemu tamu. Siku chache baada ya vita mpiga picha Alexander Gardner alifika na wenzake, wakapiga picha maarufu ya askari wa Kusini amelala amekufa nyuma ya ukuta wa mawe katikati ya majabali, bunduki imeegemezwa pembeni. Wakaiuza kama picha ya mdunguaji aliyefia kwenye maficho yake. Miaka ya 1970 mtafiti William Frassanito alilinganisha picha zote za eneo lile akagundua kwamba maiti ileile imepigwa picha sehemu nyingine kwanza, chini mteremkoni, kisha ikabebwa zaidi ya mita 60 hadi pale ukutani. Bunduki nayo ilikuwa ya kupambia tu.

Ndiyo maana wenye hadithi wanasema yule marehemu anazima kamera kwa hasira. Alisumbuliwa na wapiga picha kabla hajazikwa.

#4 Bi Mwanaidi wa Mvita

Na ana haki! Maiti haichezewi. Kwetu ungebeba maiti ukaipange vizuri ili uuze picha, ungeona cha moto kabla jua halijatua.

Swali langu kwa mleta mada: mlipoingia huko usiku mlipiga hodi, au mliingia tu na vitoto na popikoni?

#5 Fundi Kamera

Mimi ni mtu wa kamera, niruhusuni niharibu utamu. Devil's Den ni majabali yenye mianya mirefu. Ukiingia katikati, simu inapoteza mtandao, inaanza kuutafuta kwa nguvu zote, betri inashuka. Julai kuna joto, simu ikiwa juani kwenye jiwe inajizima yenyewe. Baridi nayo ikija, betri zinakata mapema. Na mtu akizimikiwa kamera ufukweni anasema betri mbovu, akizimikiwa Gettysburg anasema mzimu.

Zile duara nyeupe zinazoelea kwenye picha za usiku ni vumbi, wadudu au matone ya unyevu yaliyo karibu na lenzi yakapigwa na mwanga wa flashi. Nimezipiga mwenyewe ukumbini kwenye harusi, na hakuna aliyefia pale ila mchele.

#6 Dereva wa Usiku

Fundi, ya kamera nakubaliana nawe. Nieleze na hii basi.

Naendesha lori. Usiku mmoja wa Novemba nilikuwa barabara ya 30, natokea magharibi naingia Gettysburg, kabla ya alfajiri, ukungu wa kukata kwa kisu. Upande wa kushoto, kwenye uwanja wenye minara ya kumbukumbu, nikaona watu wanatembea kwa mstari. Makoti marefu, bunduki begani. Hawana tochi. Hakuna aliyegeuka kuangalia taa za lori langu. Nilikanyaga mafuta mpaka niliposhtuka nimepita taa nyekundu mjini.

#7 Kijana wa Kisauni

Bana, kwanza ulipita taa nyekundu na lori. Wewe ndiye mzimu wa hiyo barabara.

#8 Mwanafunzi wa Vita

Dereva, ulisema Novemba? Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na Novemba 19, mji hufanya maadhimisho ya ile hotuba ya rais Lincoln aliyoitoa hapo 1863. Wanakuja mamia ya watu wanaoigiza vita, wana sare za sufu, bunduki, kila kitu. Wengi wao hawataki hata kushika tochi, wanataka waishi kama askari wa zamani. Julai ndiyo wanajaa zaidi.

Nadhani hili peke yake linaeleza nusu ya watu wanaoona askari Gettysburg. Mji umejaa watu waliovaa kama askari!

#9 Dereva wa Usiku

Nawajua hao, nimekula nao hotelini. Ila hawa niliowaona hawakuwa na kelele hata moja, na ilikuwa katikati ya wiki. Muigizaji gani anaamka saa tisa usiku Jumanne ili asionekane na mtu?

#10 Kijana wa Kisauni

Huwajui Wamarekani wewe.

#11 Mama Neema Harrisburg

Asante mleta mada, uzi mzuri. Mimi niongezee ya Jennie Wade maana nimeingia nyumba yake. Alikuwa na miaka 20, amekwenda kwa dada yake aliyekuwa ametoka kujifungua. Asubuhi ya Julai 3 anakanda unga wa mkate wa kuwapa askari, risasi ikapenya milango miwili ikampata mgongoni. Ndiye raia pekee wa mji ule aliyeuawa moja kwa moja na vita ile.

Kinachonitoa machozi ni mchumba wake, Jack Skelly, aliyekuwa amejeruhiwa Virginia wiki chache kabla. Akafa Julai 12. Yeye hakujua kama Jennie ameuawa, wala Jennie hakujua kama Jack ameumia. Na rafiki yao wa utotoni, Wesley Culp, alikulia Gettysburg lakini akapigania Kusini, akauawa karibu na kilima chenye jina la ukoo wao. Wanasema alikuwa amebeba ujumbe wa Jack kwa Jennie, haukufika.

Mlangoni kuna tundu la risasi. Msichana ambaye hajaolewa akipitisha kidole kwenye tundu lile, posa inakuja upesi. Na humo ndani watu wanasikia harufu ya mkate.

#12 Sijaolewa Bado

Dada, hilo tundu wanafungua saa ngapi?

#13 Bi Mwanaidi wa Mvita

Wewe binti, aliyekufa kabla ya kuolewa ndiye ukamuombe akupe mume?

#14 Papa Shabani

Bandugu, jambo. Mie niko mtu wa Bukavu, sasa niko Pennsylvania. Nilifanya kazi ya usiku kwa hoteli moja ya zamani huko Gettysburg, jina siseme. Wageni walikuwa wanalipa bei ya juu kwa chumba kimoja cha juu sababu banasema kina mzimu wa daktari wa vita. Mie ndiye nilikuwa nasafisha kile chumba. Hatua za miguu nilizisikia, kweli kabisa. Lakini nilizisikia kila siku pale moto wa kupasha nyumba ulipowashwa, mbao zinapanuka. Nilipomwambia bosi, akaniomba nisiwaelezee wageni.

Kwetu Kivu tumezika watu kwa vita ambavyo hata havijaisha. Hakuna mtu anayetaka kulala pale kwa kulipa. Tukisikia hatua usiku, hatuulizi kama ni mzimu, tunakimbia sababu ni mtu. Mie naona mzimu wa kuuzwa unahitaji vita ya zamani sana, ambayo haiwezi tena kukupiga.

#15 Kiti cha Mbele

Papa Shabani ameua.

#16 Msafiri wa Lancaster

Papa Shabani, nimekusoma. Lakini mbona hadithi zenyewe zinafanana kwa watu wasiojuana? Kuna hata ya pale chuoni. Jengo la Pennsylvania Hall lilikuwa hospitali wakati wa vita, hilo halina ubishi. Wafanyakazi wawili wa ofisi waliingia kwenye lifti usiku wakabonyeza ghorofa ya chini. Lifti ikapitiliza hadi chumba cha ardhini. Mlango ukafunguka, mbele yao madaktari wenye damu, wagonjwa sakafuni, msumeno. Wakabonyeza vitufe mpaka mlango ukafunga. Wote wawili waliona kitu kimoja.

#17 Kijana wa Kisauni

Majina yao? "Wafanyakazi wawili" hao hawajawahi kuwa na majina. Mjomba wa rafiki ya binamu yangu pia alipanda hiyo lifti.

#18 Mwanafunzi wa Vita

Daraja la Sachs nalo ni hivyohivyo. Hakuna kumbukumbu ya jeshi inayotaja watu watatu kunyongwa pale. Wengine wanasema watoro, wengine wanasema majasusi. Daraja lenyewe ni la kweli, la miaka ya 1850, na askari wa pande zote walilivuka. Ila mafuriko ya 1996 yaliling'oa kwenye misingi yake, likajengwa upya. Sasa huo mzimu ulining'inia wapi wakati daraja limelala mtoni?

#19 Bi Mwanaidi wa Mvita

Ulisubiri fundi amalize, kama wapangaji wote.

#20 Mhandisi Mkavu

Ya hisia nina maelezo yasiyohitaji mtu kuwa mwongo. Kuna sauti za mtetemo wa chini mno, sikio halizisikii lakini mwili unazihisi. Mhandisi Mwingereza Vic Tandy aliandika mwaka 1998 kwamba kwenye maabara aliyofanyia kazi watu walihisi wana mtu nyuma yao, na yeye aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Alipochunguza akakuta feni inatoa mtetemo wa hezi 19 hivi. Feni iliporekebishwa, mzimu ukaisha. Upepo ukipita kwenye mianya ya majabali unaweza kufanya vivyo hivyo.

Wengine wanasema jiwe lenyewe linarekodi tukio kama kanda, kwa sababu ya madini ya kwazi yaliyomo, halafu linarudia kulicheza. Hiyo mimi siinunui.

#21 Fundi Kamera

Ya kwanza naipenda. Kuna aliyekwenda Devil's Den na kifaa akapima, au tumeazima feni ya Uingereza?

#22 Mwalimu wa Jiografia Mstaafu

Ya jiwe kurekodi inakwama mapema. Majabali ya Gettysburg ni diabase, mwamba mweusi uliotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi miaka milioni 200 iliyopita hivi. Una kwazi kidogo sana. Kanda haimo.

Ila ningewaomba msiidharau ardhi. Kuna mahali kaskazini-magharibi ya mji panaitwa Mashimo ya Iverson. Julai 1 brigedi ya Alfred Iverson ya North Carolina ilitembezwa uwanjani bila yeye kuwa mbele yao na bila kutanguliza watu wa kuchungulia. Wanajeshi wa Muungano walikuwa wamejilaza nyuma ya ukuta wa mawe. Walipoinuka, walipiga watu wakaanguka kwa mstari, safu nzima. Walizikwa palepale kwenye mashimo mafupi. Baadaye wakulima walisema nyasi za pale ni kijani kuliko kwingine, na vibarua walikataa kubaki shambani giza likiingia. Hiyo ni hadithi ya karne ile ile, si ya watembeza watalii wa leo. Miaka ya 1870 Dk. Rufus Weaver aliwafukua wafu wa Kusini, akapeleka karibu 3,000 kuzikwa Richmond.

Mbolea ya miili inaeleza nyasi. Woga wa vibarua unauelezaje?

#23 Kijana wa Kisauni

Mwalimu, kibarua akipewa sababu ya kutoka kazini mapema ataikataa?

#24 Salma wa Columbus

Nimesoma wote kimya, sasa niulize. Mbona mizimu yote mnayoitaja ni ya Wazungu?

Gettysburg ilikuwa na watu Weusi huru. Jeshi la Lee lilipoingia Pennsylvania lilikamata Weusi wengi na kuwapeleka Kusini utumwani, wakiwemo waliozaliwa huru. Familia nyingi zilikimbia. Abraham Brian alikuwa na shamba lake palepale kwenye kilima ambapo shambulio la mwisho la Julai 3 lilivunjika. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa na mazao yamekwisha. Nyumba bado ipo, watalii wanaipita wakienda kupiga picha na mizinga.

Halafu Basil Biggs. Makaburi ya taifa ambapo Lincoln alihutubia yalijazwa na nani? Mkandarasi alilipwa dola 1.59 kwa kila maiti, na kazi yenyewe ya kufukua na kubeba akaifanya Biggs na vibarua wake Weusi. Zaidi ya miili 3,000. Na wanajeshi Weusi wa mji ule walipokufa, karibu wote walizikwa kando, kwenye makaburi ya Lincoln Cemetery. Biggs mwenyewe yuko huko.

Nimekwenda ziara ya usiku. Sikusikia jina la Biggs. Watu walioshika kila maiti kwa mikono yao, hawana hata mzimu mmoja?

#25 Papa Shabani

Dada Salma, hiyo ndiyo.

#26 Mama Neema Harrisburg

Salma asante, hilo la Biggs sikulijua.

Mimi bado nina la harufu. Farasi na nyumbu waliokufa walikuwa maelfu, Julai, jua kali. Watu wa mji walitembea na vichupa vya mafuta ya mnanaa puani wiki kwa wiki. Mpaka leo watu wanasema mtaa wa Baltimore wakati wa kiangazi unanukia mnanaa bila chanzo.

#27 Kijana wa Kisauni

Mtaa wenyewe si ndio wenye maduka ya peremende na aiskrimu?

#28 Mwanafunzi wa Vita

Salma amegusa penyewe. Hadithi nyingi za ziara zimepata umbo miaka ya 1990, mji ulipogundua usiku nao unauzika. Hifadhi yenyewe hufungwa usiku, kwa hiyo mizimu ikahamia mjini kwenye hoteli na baa! Hata ile ya waigizaji wa filamu waliopewa risasi na mzee mwenye sare chafu, zikaja kugundulika ni za 1863: maduka ya mji yanauza vitu vya vita ile.

Ila msinielewe vibaya, sisemi ni uongo wote. Vita ile iliacha familia nyingi mno bila maiti ya kuzika, na watu wakaanza kuwatafuta wafu wao kwa waganga wa mizimu. Mary Lincoln mwenyewe, mke wa rais, aliwaita Ikulu baada ya mwanawe Willie kufa 1862. Mpiga picha Mumler akawauzia wafiwa picha zenye vivuli vya marehemu nyuma ya kiti. Mimi nadhani mizimu ya Gettysburg ilianza na msiba, biashara ikaja kuikuta.

#29 Mwalimu wa Jiografia Mstaafu

Mwanafunzi, uko karibu lakini umechelewa. Ilianza kabla ya msiba. Usiku wa kuamkia Julai 2 kikosi cha 20 cha Maine, cha upande wa Muungano, kilikuwa bado njiani, kinatembea kwenda Gettysburg. Uvumi ukapita kwenye safu kwamba George Washington ameonekana amepanda farasi kwenye vilima vya mbele, na Washington alikufa 1799. Kamanda wao Joshua Chamberlain, profesa wa chuo, aliandika uzeeni kwamba yeye mwenyewe alikaribia kuamini. Kesho yake kikosi hicho kiliishiwa risasi pale Little Round Top, kikashuka mlima kwa bayoneti, na kikashinda.

#30 Msafiri wa Lancaster

Kwa hiyo mzimu ulifika kabla yao?

#31 Fundi Kamera

Watu wametembea siku kadhaa kwenye joto, hawajalala, ni usiku. Usingizi huo.

#32 Bi Mwanaidi wa Mvita

Kwako kila kitu ni usingizi au betri. Dereva naye alikuwa amelala?

#33 Dereva wa Usiku

Nilikuwa macho kabisa.

#34 Salma wa Columbus

Mwalimu, swali dogo. Jeshi limekamata Weusi na kuwapeleka utumwani, jeshi la pili linatembea usiku, na aliyetumwa kuwatia moyo ni Washington, ambaye alikufa akiwa na watumwa shambani kwake. Kwa nini yeye?

#35 Mwalimu wa Jiografia Mstaafu

Pande zote mbili zilikuwa zinadai kwamba ni wa kwao, Salma. Mhuri mkuu wa Kusini una picha yake amepanda farasi. Kwa hiyo hata kama alionekana kweli, kila jeshi lingesema amekuja kwa ajili yake.

#36 Sijaolewa Bado

Jamani saa za ule mlango bado hamjanijibu.